Michigan: Mchujo Usiochuja na Kura 101,000 Zilizosomwa Vibaya

Jumanne ya Februari 27, 2024, wapiga kura wa jimbo la Michigan walimpa Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo, asilimia 81 ya kura katika uchaguzi wa awali wa chama cha Democratic, huku zaidi ya watu 101,000, sawa na asilimia 13, wakiijaza nafasi isiyo na jina la mtu yeyote. Baada ya siku hiyo matokeo hayo yalisomwa kwa namna mbili. Wapo waliosema Rais ameshinda kwa kishindo na mjadala umekwisha, na wapo waliosema ameshaanguka na kwamba yaliyomkuta Rais Lyndon Johnson mwaka 1968, alipoacha kugombea tena, yako mlangoni kwake. Ninaona pande zote mbili zilikosea, tena kwa kosa lilelile: ziliutazama uchaguzi huo kana kwamba ulikuwa na kazi ya kumpata mgombea. Rais aliye madarakani anapogombea tena, uchaguzi wa awali wa jimbo hauna wa kumchuja. Unabaki kuwa njia ya wanachama kusema neno, na neno hilo halipimwi kwa kuuliza nani ameongoza, bali kwa kuuliza nani amesema hapana, amesemea wapi, na hapana hiyo ina uzito gani ikiwekwa kwenye mizani ya uchaguzi mkuu wa Novemba.

Lugha yetu inaweza kutusaidia hapa. Uchaguzi wa aina hii Wakenya huuita mchujo, na Watanzania wengi huuita kura za maoni. Mchujo ni neno la jikoni: nazi iliyokunwa inatiwa kwenye kifumbu, inakamuliwa, tui linashuka na machicha yanabaki. Neno hilo linafaa sana chama kinapokuwa na wagombea kumi na hakijui kimsimamishe nani. Lakini rais aliyepo akishaamua kugombea, wazito wa chama wakajipanga nyuma yake na wenye majina makubwa wakakaa kando, kinachomiminwa kwenye kifumbu ni tui lililokwisha kuchujwa. Neno la Watanzania ndilo linaloeleza vizuri zaidi kilichotokea Michigan. Katika kura za maoni za vyama vya Tanzania, wanachama hupiga kura, kisha vikao vya juu hukaa na kuamua, na si ajabu aliyeongoza akakatwa jina. Kila anayepanga foleni anajua kwamba kura yake ni maoni, na bado anapanga, kwa sababu maoni yakiwa na idadi huwa hayapuuziki kirahisi.

Karatasi yenyewe ya Democratic ya Michigan ilikuwa fupi. Ilikuwa na jina la Biden, jina la mbunge Dean Phillips wa Minnesota, jina la mwandishi Marianne Williamson, na nafasi ya nne yenye neno moja tu la Kiingereza, “uncommitted”, ambalo ukilitafsiri kuwa “wasioamua” umeshapotea njia. Tafsiri yake ya haki ni “asiyefungamana”, kwa maana ileile tuliyokuwa tukiitumia tuliposema nchi zisizofungamana na upande wowote. Kwa sheria za chama, nafasi hiyo ikipata kura za kutosha hupewa wajumbe wake wa mkutano mkuu, na wajumbe hao huenda bila kufungwa na jina la mgombea yeyote. Mtu aliyeshika kalamu siku ile na kukijaza kiduara cha nne hakuwa akisitasita. Alikuwa ameamua, na wengi wao waliamua wiki kadhaa kabla. Williamson, nitaje kwa kupita tu, alikuwa amekwisha kusimamisha kampeni yake mapema Februari, lakini akapata kura nyingi kuliko Phillips aliyekuwa bado anazunguka kuomba kura, na kesho yake akatangaza kurudi ulingoni. Hilo peke yake lingetosha kutuonyesha kwamba kwenye karatasi ile majina ya watu hayakuwa na kazi kubwa.

Wazee wa Tanzania hawahitaji kufundishwa habari za karatasi ya namna hii. Kuanzia 1965 hadi 1990 walimpigia kura mgombea mmoja wa urais, na walichoulizwa ni ndiyo au hapana. Hakuna aliyeingia kituoni akidhani mgombea huyo angeshindwa. Hata hivyo hapana zilihesabiwa na kutangazwa, na mwanasiasa makini aliangalia zimetoka wapi. Kiduara cha nne cha Michigan ni hapana ya aina hiyo, imevalishwa tu joho la kanuni za chama.

Kwa nini Michigan, na kwa nini mwaka 2024? Sababu kubwa ilikuwa vita vya Gaza. Mji wa Dearborn, uliopakana na Detroit na ambako Henry Ford alijenga kiwanda chake kikubwa cha magari, zaidi ya nusu ya wakazi wake wana asili ya nchi za Kiarabu. Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, mwaka 2024 ulikuwa na baraza la madiwani ambao wote walikuwa Waislamu. Mwishoni mwa Januari mkuu wa kampeni za Biden alikwenda Dearborn kuonana na viongozi wa jamii hiyo, na Meya Abdullah Hammoud na wenzake wakakataa kuonana naye, kwa hoja kwamba suala lao ni la sera ya serikali na halihitaji mtu wa kampeni. Februari 1 Biden mwenyewe alifika Michigan, akaonana na wanachama wa chama cha wafanyakazi wa magari huko Warren, na Dearborn hakukanyaga. Wiki moja baadaye, Februari 8, Ikulu ilituma maofisa wake wa serikali, si wa kampeni, kuzungumza na viongozi walewale. Wakati huo kampeni iliyojiita Listen to Michigan (Isikilizeni Michigan), ikiongozwa na Layla Elabed, dada yake mbunge Rashida Tlaib, ilikuwa imeanza kuwaomba watu wajaze nafasi ya asiyefungamana. Lengo lililotajwa hadharani lilikuwa kura 10,000. Idadi hiyo haikuokotwa njiani: mwaka 2016 Donald Trump alimshinda Hillary Clinton katika jimbo hilo kwa kura 10,704. Siku moja kabla ya uchaguzi, Biden alisimama katika duka la aiskrimu mjini New York, koni mkononi, akawaambia waandishi kwamba anatarajia vita visitishwe kufikia Jumatatu inayofuata. Sidhani kama rais asiye na wasiwasi na Michigan angelisema hilo mahali kama pale.

Sasa tuzipime hoja. Waliosema huu ni ushindi wa wazi walikuwa na jambo la kweli mkononi. Mwaka 2012 Barack Obama alikuwa rais anayetetea kiti, hakuwa na mpinzani Michigan, na bado nafasi ileile ya asiyefungamana ilipata karibu asilimia 11. Novemba ile Obama aliichukua Michigan kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 9. Waliuliza: kama 11 haikumdhuru Obama, 13 itamdhuru vipi Biden? Swali ni zuri, na anayelipita bila kulijibu hastahili kusikilizwa. Jibu lake ni kwamba asilimia zinaficha idadi. Mwaka 2012 waliojitokeza upande wa Democratic hawakufika 200,000, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuwatoa nyumbani, na asilimia ile 11 ilikuwa watu wapatao 20,000. Mwaka 2016 nafasi hiyo ilipata tena kura zinazokaribia 20,000, na mwaka 2020 vilevile, ingawa mazingira ya chaguzi hizo yalikuwa tofauti kabisa. Inaonekana Michigan ina watu kama 20,000 ambao kila baada ya miaka minne huijaza nafasi hiyo kwa sababu zao wenyewe. Safari hii waliojitokeza walizidi 760,000 na walioijaza walizidi 101,000. Ukiwaondoa wale 20,000 wa kila siku, unabaki na watu wapatao 80,000 ambao hawakuwahi kuonekana hapo kabla. Hao ndio habari yenyewe. Biden aliichukua Michigan mwaka 2020 kwa kura 154,188, na anayesema watu 80,000 si kitu hajaiangalia namba hiyo.

Kuna pia suala la mahali. Kura za hapana za 2012 zilitawanyika jimbo zima kama mtama uliomwagwa uwanjani. Za mwaka 2024 zilikuwa na anwani. Dearborn, nafasi isiyo na jina ilimshinda Rais wa Marekani kwa takriban asilimia 56 dhidi ya 40. Hamtramck ilimshinda kwa karibu wawili kwa mmoja. Katika Ann Arbor, mji wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambako Waarabu si wengi kiasi hicho lakini vijana wa vyuoni wamejaa, ilipata kura za kutosha kulivuka sharti la asilimia 15 katika wilaya ya uchaguzi na kujipatia mjumbe. Mwingine alipatikana katika wilaya ya Dearborn. Wajumbe wawili kati ya 117 ni tonge lisiloshibisha, na waandalizi wenyewe hawakuwahi kudai wanataka wajumbe. Jambo la kuzingatia ni kwamba wilaya hizo mbili zinakaliwa na watu wa namna tofauti, na zimetoa hapana moja.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo iliyosambaa haraka, ilikuwa kwamba kura hizo zilipigwa na wafuasi wa Republican waliojipenyeza ili kumwaibisha Biden. Ni kweli kwamba Michigan haiandikishi wapiga kura kwa vyama: unafika kituoni, unaomba karatasi ya chama unachokitaka, unapewa. Ni kweli pia kwamba jimbo hilo lina historia ya watu kuvuka. Mwaka 2000 John McCain alimshinda George W. Bush huko kwa msaada wa wasio wanachama wa Republican. Lakini mvukaji huvuka pale upande wake unapokuwa hauna shughuli. Siku ileile wa Republican walikuwa na uchaguzi wao, Trump dhidi ya Nikki Haley, na zaidi ya milioni moja walishiriki. Na kama kweli wangejipenyeza, tungetarajia alama zao zionekane kwenye kaunti za mashambani ambako Republican wamejaa. Badala yake nafasi ile ilijaa zaidi Dearborn, Hamtramck na Ann Arbor, mahali ambapo hadi wakati huo mgombea wa Republican alikuwa akiomba Mungu apate hata theluthi ya kura. Hoja hii iliokoa uso wa walioitoa, basi.

Upande wa pili nao una ngano yake, nayo ni ya New Hampshire, Machi 12, 1968. Inasimuliwa kwamba Seneta Eugene McCarthy, akiwa na jeshi la wanafunzi waliochoka na vita vya Vietnam, alimwangusha Lyndon Johnson. Johnson hakuangushwa. Alipata karibu asilimia 50 dhidi ya 42 za McCarthy, na hayo bila jina lake kuwapo kwenye karatasi, maana wapiga kura walilazimika kuliandika kwa mkono. Kilichomwumiza ni kwamba hakuna aliyetegemea McCarthy afike 42, na siku 19 baadaye Johnson akatangaza kwamba hagombei. Jambo ambalo wasimuliaji huliacha ni lile ambalo wasomi waliowahoji wapiga kura walikuja kuligundua: wengi wa waliomchagua McCarthy hawakuwa wapinga vita hata kidogo. Wapo waliotaka Johnson apigane kwa ukali zaidi. Kura ilikuwa moja na maana zake zilikuwa mbili zinazopingana, kisha maana moja tu ikaingia vitabuni kwa sababu ndiyo iliyokuwa na wasemaji.

Mfano huo ulipaswa kuwapa tahadhari walioshangilia Michigan kama walivyoshangilia New Hampshire. Kura haina mdomo, na yule aliyeiomba ndiye huisemea. Hata hivyo hapa naona tofauti yenye uzito. McCarthy alikuwa mtu, na mtu huchaguliwa kwa mambo mengi: sura yake, sauti yake, au hasira tu dhidi ya mpinzani wake. Nafasi isiyo na jina haina sura, na safari hii iliombewa kura kwa dai moja linaloeleweka, yaani usitishaji wa kudumu wa vita Gaza. Sisemi wote 101,000 walikuwa na Gaza kichwani. Wapo waliokuwa wakiwaza umri wa Rais, ambaye alikuwa na miaka 81. Ninachosema ni kwamba ujumbe wa kura hizi haukuchafuka kama ule wa 1968.

Hoja ya tatu husikika sana kwa wachambuzi wa televisheni: rais akipata upinzani wa maana katika uchaguzi wa awali, hushindwa Novemba. Gerald Ford alisumbuliwa na Ronald Reagan mwaka 1976, akashindwa. Jimmy Carter alisumbuliwa na Edward Kennedy mwaka 1980, akashindwa. Mwaka 1992 Pat Buchanan alipata asilimia 37 New Hampshire dhidi ya George H. W. Bush, ambaye aliendelea kushinda majimbo yote yaliyobaki hadi akapewa tena tiketi ya chama, na mwisho wa siku akaondoka Ikulu. Orodha inavutia, lakini inachanganya kipimajoto na homa. Bush hakushindwa kwa sababu ya Buchanan. Alishindwa kwa sababu uchumi ulikuwa umezorota na alikuwa amevunja ahadi yake ya kutoongeza kodi, na Buchanan alikuwa zebaki inayopanda kwenye kipimo. Tena kipimo hicho hakisomeki popote pale. Mei 2012 mfungwa aliyekuwa gerezani Texas alipata asilimia 41 dhidi ya Obama katika West Virginia, dunia ikacheka, na Obama akashinda uchaguzi bila taabu, kwa kuwa West Virginia ilikuwa imekwisha kupotea kwa Democratic zamani. Na mwaka 2020 Trump alizoa takriban asilimia 85 New Hampshire dhidi ya Bill Weld bila kutoka jasho, kisha Novemba akashindwa. Homa inaweza kuwapo na kipimo kisionyeshe, hasa pale waliokishika wanapokuwa wamekiweka kabatini.

Hoja ninayoiheshimu zaidi katika zile za kumtetea Biden ilikuwa kwamba Novemba hawa watu wangerudi, kwa sababu upande wa pili alikuwapo Trump, ambaye wiki ya kwanza ya urais wake, Januari 2017, alifunga mlango kwa raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi, Yemen na Somalia zikiwamo. Familia za Kiyemeni za Hamtramck hazihitaji kukumbushwa jambo hilo. Wakati huo ilionekana ni wachache ambao wangemvukia Trump. Lakini waliotoa hoja hii walihesabu njia mbili wakati mpiga kura alikuwa na njia tatu au nne. Mwaka 2016, jimbo lilipoamuliwa kwa kura 10,704, zaidi ya karatasi 75,000 za Michigan zilikutwa na nafasi ya urais tupu. Watu walitoka nyumbani, wakapanga foleni, wakawachagua wabunge na majaji wao, na walipofika kwenye rais wakaparuka. Mtu aliyewahi kujaza kiduara kisicho na jina mwezi Februari alikuwa ameshajifunza kwamba anaweza kupiga kura bila kumpigia mtu, na Novemba kazi hiyo isingemshinda.

Upande wa Republican nauacha upesi, ingawa unachekesha kidogo. Trump hakuwa rais wakati huo, lakini chama kilimchukulia kama rais anayetetea kiti, na siku hiyohiyo Haley alipata zaidi ya robo ya kura za Michigan, watu karibu 300,000. Waliopiga yowe juu ya asilimia 13 zilizomkataa Biden wangalau wangesafisha koo wakifika kwenye namba hiyo.

Tukiukubali uchaguzi huu kuwa kura ya maoni, basi kuufuta kunakuwa na maana nyingine. Mwaka 2024 chama cha Democratic cha Florida kilipeleka jina moja tu la Biden, na kwa sheria za jimbo hilo uchaguzi wa awali ukawa haufanyiki kabisa. Mwaka 2020 Republican wa South Carolina, Nevada na Kansas walifuta chaguzi zao ili Trump asisumbuliwe. Sababu huwa ni gharama na umoja wa chama, na sisi tunazijua sababu hizo kwa majina. CCM ina utamaduni wa kumpisha rais aliyepo amalizie muhula wa pili, na marehemu Bernard Membe, baada ya kuhusishwa kwa muda mrefu na nia ya kushindana na Rais John Magufuli, alifukuzwa uanachama Februari 2020 kwa makosa yaliyotajwa kuwa ya kinidhamu. Utamaduni huo una watetezi wenye hoja, kwa kuwa chama kilichogawanyika huadhibiwa kwenye sanduku. Gharama yake ni kwamba chama kinaingia vitani bila kujua ni kata gani imenuna. Florida haikuwa na Dearborn yake ya kuisoma. Huenda ilikuwapo, lakini hakuna aliyeiuliza.

Michigan iliulizwa, na majibu yakawafikia walengwa. Jumamosi, Machi 2, ndege za jeshi la Marekani zilidondosha chakula Gaza kwa mara ya kwanza. Kesho yake, akiwa Selma katika jimbo la Alabama, Makamu wa Rais Kamala Harris alitaka vita visitishwe mara moja kwa muda wa angalau wiki sita, kwa maneno makali kuliko yaliyozoeleka kutoka Ikulu. Sitadai kwamba kiduara cha nne ndicho kilichozirusha ndege hizo, kwani mambo ya namna hiyo huandaliwa kwa siku nyingi. Ila kama mwezi mmoja kabla, Biden huyohuyo alikuwa akimtuma mkuu wa kampeni yake kwenda kuzungumza na meya.

Jumanne iliyofuata, Machi 5, majimbo kumi na tano yalipiga kura, na Minnesota, yenye Wasomali wengi wa Minneapolis na Wakenya wasio wachache, ilikuwa na nafasi ya asiyefungamana kwenye karatasi yake. Asilimia yake ingeweza hata kuizidi ya Michigan. Hilo halikuwa la kushtua, kwa sababu mwaka 2020 Biden aliichukua Minnesota kwa zaidi ya kura 230,000 na alikuwa na pa kupumulia. Ya kukodolewa macho ilikuwa Wisconsin, Aprili 2. Huko nafasi hiyo ina jina jingine, linalomaanisha wajumbe wasiopewa maagizo, na mwaka 2020 Biden alilishinda jimbo hilo kwa kura 20,682.